Taya Jipya la Katekista Wetu

Kila mwaka, tarehe 11 Februari, parokia yetu hapa Bukavu huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, ile aliyoiweka Baba Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992. Siku hiyo wagonjwa huja kanisani, wengine kwa miguu yao, wengine wakibebwa na jamaa zao, nao hupokea mpako mtakatifu. Sisi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa huketi nyuma yao, tukiwashikia vikombe vya maji na vitambaa vya kujifunika. Mwaka huu, mmoja ambaye tulikuwa tumemwandalia nafasi kati ya wagonjwa hakuja kuketi pale. Alipita mbele yetu akichechemea kidogo, akaenda moja kwa moja kuketi katika benchi la wasomaji.

Tunapenda kuwasimulia, ndugu wapendwa, njia iliyomfikisha kwenye benchi lile. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa kazi ya waganga, nao waliifanya vizuri. Sehemu ya pili ilikuwa kazi yetu, nasi tulikaribia kuiharibu. Mwenyewe ameyasoma maneno haya, akasahihisha mahali pawili, akatukubalia tuyatoe. Jina lake hatulitaji. Tutamwita Papa Katekista, kama watoto wote wa mtaa wanavyomwita.

Papa Katekista amefundisha dini katika parokia yetu kwa miaka 27. Wengi kati ya wazazi wanaoleta leo watoto wao kubatizwa walijifunza sala kutoka kinywani mwake. Sauti yake ilikuwa nzito na safi. Hata pale umeme ulipokatika na kipaza sauti kikanyamaza, waliosimama nje ya mlango walisikia somo lote hadi mwisho.

Ugonjwa wake ulianza kama jambo dogo. Jino la chini, upande wa kushoto, lilitikisika, likang'olewa, na shimo lake likakataa kufunga. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akameza vidonge alivyouziwa dukani, akapakwa dawa ya majani. Miezi 5 ikapita. Ufizi ukavimba, mdomo wa chini ukaanza kufa ganzi, na donge gumu likatokea chini ya taya. Alipofika hatimaye kwa mganga anayejua magonjwa ya kinywa, kipande kidogo cha nyama kilikatwa na kupelekwa kuchunguzwa. Jibu likarudi: ni kansere, nayo imekwisha kuingia katika mfupa wa taya.

Tuseme hapa jambo ambalo sote tulipaswa kulijua mapema. Kidonda cha kinywani kisichopona baada ya wiki 3, jino la mtu mzima linalotikisika bila sababu, donge la shingoni lisiloondoka, sauti inayokwaruza kwa majuma mengi: hayo ni mambo ya kupeleka hospitalini, si ya kungojea. Tumbaku na pombe kali ndizo zinazoufungulia ugonjwa huu mlango mara nyingi, na mtu akizitumia zote mbili hatari huwa kubwa zaidi. Lakini ugonjwa humpata pia yule asiyevuta wala kunywa. Kwa hiyo hatukuwa na haki ya kumwuliza Papa Katekista kitandani pake, kama baadhi yetu tulivyomwuliza, alifanya nini hata akapatwa na jambo hili.

Waganga wa mjini walimweleza wazi. Dawa ya kwanza ni kupasua: kuondoa sehemu ya taya pamoja na nyama inayoizunguka, na kuondoa tezi za shingoni ambamo ugonjwa hupenda kujificha. Lakini mtu akiondolewa sehemu ile ya taya bila kuwekewa kitu mahali pake, kipande kinachobaki huvutwa upande, meno ya juu na ya chini hayakutani tena, ulimi hukosa pa kujishikiza, mate humwagika, na uso hubonyea. Anaweza kuishi hivyo, ila kula na kusema huwa mzigo wa kila siku. Wakamshauri aende mahali ambapo wataondoa ugonjwa na kujenga taya upya siku ile ile, kisha wamtibu kwa mionzi. Familia ikachagua Nairobi, kwa kuwa binti yake mmoja ameolewa huko.

Waliuza shamba na ng'ombe wawili, wakakopa, na bado wakapungukiwa dola 2 300. Ndipo shauri likaletwa kwetu. Tulibishana jioni nzima. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema: "Kuondoa ugonjwa, sawa. Lakini kujenga taya ni urembo tu. Fedha hiyo ingelipia karo watoto wangapi?" Mama mmoja anayeuza sambaza sokoni akamjibu: "Wewe Papa, ugali unautafuna kwa kitu gani? Kwa urembo?" Watu wakacheka, na mchango ukapita. Hata hivyo, tukijichunguza leo, tunaona kwamba swali la yule mzee lilikuwa ndani ya mioyo ya wengi. Tulitoa fedha kwa huruma. Hatukuwa tumeelewa kwamba taya la mtu ni chombo chake cha kula, cha kusema, na cha kuketi pamoja na wenzake.

Kazi iliyofanyika Nairobi tulielezwa baadaye na binti yake, na mganga mmoja wa hapa akatufafanulia tuliyoshindwa kuelewa. Chini ya goti kila mtu ana mifupa miwili. Ule mnene wa mbele ndio unaobeba uzito wa mwili. Ule mwembamba wa upande wa nje hubeba kidogo sana, na sehemu yake ndefu ya katikati inaweza kuondolewa, mradi ncha zake mbili ziachwe ili goti na kifundo cha mguu visipoteze nguvu. Mfupa huo una mshipa wake wa damu. Mwaka 1975 mganga wa Australia, G. Ian Taylor, pamoja na wenzake, walieleza jinsi ya kuuhamisha mfupa huo ukiwa hai, pamoja na mshipa wake, ili kutengeneza mguu mwingine ulioharibika. Mwaka 1989 David Hidalgo, mganga wa New York, akaonyesha kwamba unaweza kukatwa vipande, kupangwa kwa umbo la taya na kufungwa kwa bamba la chuma. Tangu wakati huo mfupa huu umekuwa tegemeo kubwa la waganga wanaojenga mataya.

Ndivyo alivyofanyiwa Papa Katekista. Kundi moja la waganga lilisimama kichwani pake likiondoa ugonjwa, na kundi jingine mguuni likiutayarisha mfupa. Kisha, chini ya darubini, mshipa wa mfupa ule uliunganishwa na mishipa ya shingo kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ngozi ya mguu iliyokuja pamoja na mfupa ikawa ufizi mpya na sakafu ya kinywa. Mahali ilipotoka wakapafunika kwa ngozi nyembamba iliyochukuliwa pajani. Aliingia asubuhi, akatoka usiku, baada ya saa 11.

Siku za kwanza baada ya kazi ya namna hii ndizo zenye hofu kubwa. Kila saa muuguzi huitazama ile nyama iliyohamishwa, aone kama rangi yake ni nzuri na kama ina joto. Damu ikiganda katika mshipa ulioshonwa, nyama yote hufa, isipokuwa mgonjwa akirudishwa upesi kupasuliwa. Katika mikono ya waganga waliozoea, zaidi ya watu 95 kati ya 100 nyama yao hushika. Usiku wa pili, ya Papa Katekista iligeuka rangi ya zambarau. Binti yake alitupigia simu akilia. Tuliamshana nyumba kwa nyumba, tukasali rozari hadi alfajiri. Waganga walifungua tena shingo, wakaondoa damu iliyoganda, wakashona mshipa upya. Asubuhi rangi ilikuwa imerudi.

Tusisahau pia kicheko kimoja cha siku zile. Kwa kuwa alikuwa akipumua kwa mrija uliowekwa kooni, hakuweza kutoa sauti, akawa anaandika kwenye ubao mdogo. Siku moja maumivu yalimzidi, akaandika: "Naomba mganga." Muuguzi, Mkenya, alisoma, akakodoa macho. Huko kwao mganga ni yule wa mizizi na hirizi. Wa hospitali huitwa daktari. Akamwambia kwa upole: "Mzee, hapa hatuna mganga, na wewe ni katekista!" Binti yake alipoeleza, chumba kizima kilicheka, na mgonjwa alicheka kwa macho, maana kinywa hakikuweza.

Baada ya kidonda kupona ilifuata mionzi, siku 5 kila juma kwa majuma 6. Mionzi ilimkausha mate, ikamwondolea ladha ya chakula, ikakaza misuli ya kinywa. Alilishwa kwa sonda iliyopita puani. Alipovuka daraja la Ruzizi kurudi nyumbani, alikuwa amepungua kilo 14.

Tulikwenda kumpokea kwa nyimbo. Aliposhuka garini, wimbo ulishuka nao. Shavu la kushoto lilikuwa nene kuliko la kulia, kovu lilianzia karibu na sikio likapita chini ya kidevu, na mate yalimtoka pembeni mwa mdomo bila yeye kujua. Alitusalimu, nasi hatukuelewa alichosema. Ukimya ule aliuona.

Mfupa ulikuwa umeshika, ugonjwa ulikuwa umeondolewa wote, na waganga walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini ulikuwa umekatwa pamoja na ugonjwa, na misuli ya upande ule ilikuwa imelegea. Midomo isipokutana vizuri, herufi zinazoteseka kwanza ni m, b na p. Fikirini, ndugu, maneno ambayo katekista huishi nayo: Mungu, Baba, Bwana, Maria, ubatizo, upendo. Katika lugha yetu yote hayo hupitia midomoni. Mtu aliyetufundisha kusema Baba alikuwa sasa hawezi kulitamka neno hilo hata likasikika.

Hapo ndipo kosa letu linapoanza, nasi tunalieleza bila kulipunguza. Jina lake tuliliondoa katika orodha ya wasomaji. Tulisema ni kwa ajili yake, apumzike. Watoto wa mafundisho wakapewa mwalimu mwingine. Katika mikutano ya shirika, alipoinua mkono tulijifanya hatukuona, kwa kuogopa aibu ya kumwomba arudie. Kwenye karamu ya arusi mmoja wetu alimwekea kiti pembeni, karibu na jikoni, "ili awe na uhuru." Hakuna aliyemtukana wala kumcheka. Tulimwonyesha heshima nyingi, na kwa heshima hiyo tulimfungia nje.

Likaja jambo zito zaidi. Papa Katekista aliacha kwenda kukomunika. Alikuja Misa, akabaki katika benchi lake. Minong'ono ilianza: labda ana ugomvi na paroko, labda huko safarini alikwenda kwa wapiga ramli, labda ana deni la dhambi asilotaka kuliungama. Kwa miezi 7 tulinong'ona, na hakuna aliyemwendea kumwuliza.

Mwaka mmoja baada ya kupasuliwa alikwenda Nairobi kutazamwa. Waganga wa huko walimpa karatasi ya maswali ya kujaza. Maswali ya namna hiyo yanatumiwa katika nchi nyingi, na moja ya karatasi zinazojulikana zaidi ilitungwa katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Humwuliza mgonjwa juu ya maumivu, sura yake, kumeza, kutafuna, kusema, bega, ladha, mate, furaha na wasiwasi. Mwishoni humwomba ayapime maisha yake yote kwa ujumla, pamoja na jamaa, marafiki na mambo ya roho. Wengi walioponeshwa kwa njia hii huandika alama za chini katika miezi ya kwanza, kisha alama hupanda polepole kadiri mwaka unavyokwisha, ingawa ukavu wa kinywa na shida ya kutafuna hubaki kwa wengi.

Alama za Papa Katekista zilikuwa zimepanda. Maumivu kidogo, sonda imeondolewa, anatembea vizuri, anasema kwa shida lakini anaeleweka na mke wake. Juu ya sura yake aliandika kwamba haimsumbui sana. Ila katika lile swali la mwisho aliweka alama ya chini kuliko zote. Mganga alimwuliza sababu. Aliporudi alituonyesha, katika daftari lake, jibu alilomwandikia: "Nyumbani watu wangu hawanisikii."

Tulilisoma neno hilo sebuleni kwake, watu 6 wa kikundi, tukiwa tumekwenda, tukidhani, kumfariji. Mke wake alikuwa akisaga sombe na ndizi katika mashine ndogo, kwa kuwa bado hana meno upande ule na chakula chake lazima kiwe laini. Hakuna aliyesema kitu. Kisha yeye akachukua kalamu, akaandika mstari mwingine, akatugeuzia daftari: "Mliniombea nipone. Nimepona. Sasa mnaogopa nini?"

Mama muuza sambaza ndiye aliyethubutu kumwuliza juu ya Komunyo. Jibu lilikuwa jepesi hata likatuumiza. Kinywa chake hakina mate. Ngozi iliyotoka mguuni haina hisia, naye hajui kitu kikikwama pale. Jumapili moja hostia ilimnata, akakohoa, ikaanguka sakafuni. Alijiona amemkosea Bwana mbele ya watu wote, naye akaapa moyoni kwamba jambo hilo halitatokea tena. Kwa hiyo alikuwa akibaki katika benchi kwa kicho, na sisi tulikuwa tukimsingizia dhambi.

Siku iliyofuata tulimpelekea paroko habari hiyo. Naye hakuchukua hata dakika 5. Alitueleza kwamba Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 925, inaruhusu Komunyo itolewe kwa umbo la divai peke yake pale inapohitajika. Jumapili ile ile Papa Katekista alipokea Damu ya Kristu kwa kijiko kidogo. Miezi 7 ya njaa ile ingeweza kuwa juma moja, kama mmoja wetu angalimwuliza.

Tangu siku ile tulianza upya. Muuguzi mmoja wa parokia alimfundisha mazoezi aliyokuwa ameandikiwa na hospitali lakini aliyoyaacha kwa kukata tamaa: kufungua kinywa kwa kutumia vijiti vya mbao vilivyopangwa pamoja, kuongeza kijiti kimoja kila baada ya siku chache, kukaa mbele ya kioo na kukutanisha midomo, akiusaidia mdomo wa chini kwa kidole, kusoma kwa sauti nusu saa kila siku, polepole, akimeza mate machache aliyo nayo kabla ya kila sentensi. Vijana wawili wa kwaya walipeana zamu ya kwenda kumsikiliza. Kazi yao ilikuwa moja tu: wasipoelewa, waseme, "Papa, rudia." Jambo tuliloliogopa mwaka mzima ndilo lililokuwa dawa. Kila alipoombwa kurudia, neno lilitoka wazi zaidi.

Na sisi masikio yetu yalijifunza. Mtu akimsikiliza juma la kwanza huelewa nusu ya maneno. Juma la nne huelewa karibu yote. Hatujui kama kinywa chake kilibadilika zaidi au masikio yetu. Pengine vyote viwili.

Tarehe 11 Februari hakusoma somo refu. Alipewa maombi ya waamini, nia 5. Alisimama, akafuta mdomo kwa leso, akaanza. Alikwenda taratibu sana. Katika nia ya pili mtoto mmoja wa benchi la mbele aliuliza kwa sauti kubwa: "Mama, anasema nini?" Mama yake akamjibu: "Sikiliza vizuri, utasikia." Kanisa zima lilisikiliza vizuri. Watu waliitikia kila nia kwa sauti kuliko kawaida. Aliporudi kuketi, tuliona kwamba mikono yake inatetemeka.

Hatutaki mtu afunge ukurasa huu akidhani kwamba kila ugonjwa wa namna hii huishia hivi. Kuna mama mmoja tunayemtembelea, aliyepasuliwa katika hospitali isiyo na darubini. Waganga walimjengea kinywa kwa njia nyingine, ile iliyoelezwa na Stephan Ariyan mwaka 1979: nyama ya kifua, pamoja na ngozi yake, hupitishwa chini ya ngozi ya shingo hadi kinywani, bila kutengwa na mshipa wake. Haikumletea mfupa, shingo yake inavutwa, na mkono wa upande ule haupandi juu ya bega. Lakini kidonda kilifunga, anakula uji na samaki laini, naye amerudi kuuza mboga. Kuna pia kijana mmoja baba wa watoto watatu, ambaye uvimbe wake ulikuwa umeuzingira mshipa mkubwa wa shingo alipofika. Hakuna aliyeweza kumpasua. Tunamtembelea kila juma, tunasafisha kidonda, tunampatia dawa ya maumivu aliyoandikiwa, na tunakaa karibu naye bila kuziba pua.

Na Papa Katekista mwenyewe hajui kesho yake. Sasa ni miaka 2 na nusu tangu apasuliwe. Ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudi katika miaka 2 ya kwanza, na waganga hupenda kuona miaka 5 imepita kabla ya kusema neno la kutuliza moyo kabisa. Bado anatakiwa kutazamwa mara kwa mara, na kila safari inagharimu. Taya lililopigwa mionzi linaweza kudhoofika hata baada ya miaka, ndiyo sababu hang'oi jino bila kumwuliza mganga wake. Meno ya kupandikiza katika mfupa ule mpya yanawezekana, lakini bei yake imetushinda kwa sasa. Yule mzee aliyesema taya ni urembo ndiye anayetunza leo sanduku la mchango wa safari zake. Alijitolea mwenyewe, wala hakueleza kwa nini.

Kikundi chetu kimejiwekea desturi 4 tangu mambo haya. Hatumwondoi mtu katika kazi yake ya Kanisa kwa sababu ya ugonjwa kabla ya kumwuliza yeye mwenyewe. Mgonjwa akiacha kukomunika, mmoja wetu anakwenda kumwona juma lile lile, kabla ulimi haujaanza kunong'ona. Kwenye karamu, chakula laini kinapikwa kwa ajili ya asiyeweza kutafuna, naye anaketi katikati. Na tusipoelewa neno, tunaomba lirudiwe.

Jumamosi iliyopita Papa Katekista alirudi mbele ya watoto wa mafundisho kwa mara ya kwanza. Aliandika ubaoni, mwalimu mwenzake akasoma. Kisha akawaambia wamfuate kwa sauti katika sala ile ya kwanza kabisa. Neno la kwanza lilimtoka likiwa limepinda. Watoto wakalisema vilevile, limepinda kama yeye, wakidhani ndivyo linavyotamkwa. Akacheka, akafuta mdomo, akashika midomo yake kwa vidole, akarudia.

Maswali ya kutafakari pamoja katika shirika:

1. Katika mtaa wetu, ni nani aliyerudi kutoka hospitalini na hatujawahi kumwuliza anakula nini, na anakula pamoja na nani?

2. Je, kuna mtu tuliyemwondoa katika kazi yake "kwa ajili yake," bila kumsikiliza?

3. Ni nani kati yetu aliye na kidonda cha kinywani au donge la shingoni lililozidi wiki 3, na ni nani atakayemsindikiza kwa mganga juma hili?